Economic au economical, ensured au assured: jozi za Kiingereza zinazoponyoka kwenye ripoti

Kalamu_Nyekundu ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Nahariri ripoti za miradi. Zinaandikwa kwanza kwa Kiswahili huko wilayani, kisha zinatafsiriwa kwa Kiingereza ziende kwa wafadhili. Makosa ya tahajia hayanipi shida, kompyuta inayapigia mstari mwekundu. Shida ni neno lililoandikwa vizuri kabisa ila limekaa mahali pasipo pake. Ripoti iliyo mezani sasa ina haya:

"an historical agreement between the two villages" (mkataba umesainiwa mwezi uliopita)

"economical empowerment of women"

"the drought effected 14 wards"

"we ensured the farmers that seeds would arrive on time"

"the committee gave an advice"

"disinterested youth", wakimaanisha vijana wasiojali

Je, kuna kanuni ya kushika au ni kukariri jozi mojamoja? Na hiyo "disinterested" ni kosa kweli? Kamusi moja inaikubali, nyingine inaonya.

---

Mwl_Tamati:

Kanuni zipo, ila hakuna moja inayofungua milango yote. Kabla ya kukariri chochote, jiulize kosa limetoka wapi. Nitaanza na chanzo kikubwa kuliko vyote kwetu: pale ambapo Kiswahili kinatosheka na neno moja na Kiingereza kimegawa mawili.

"Wa kihistoria" ni mfano mzuri. Tunasema uamuzi wa kihistoria, riwaya ya kihistoria, majengo ya kihistoria, na hakuna anayelalamika. Kiingereza kinakulazimisha uchague. "Historic" ni jambo zito litakalokumbukwa. "Historical" ni jambo linalohusu mambo yaliyopita, liwe zito au jepesi. Jaribio langu: ondoa "wa kihistoria" kwenye sentensi ya Kiswahili, weka "utakaokumbukwa". Ikikubali, andika "historic". Ikikataa, weka "unaohusu mambo ya kale". Ikikubali hiyo, andika "historical". Mkataba wa vijiji viwili wa mwezi uliopita hauwezi kuhusu mambo ya kale, kwa hiyo ni "a historic agreement". Magofu ya Kilwa Kisiwani ni "historic" kwa uzito wake, lakini ramani inayochora Kilwa ilivyokuwa karne ya 14 ni "historical map", hata kama imechapishwa jana na haina umuhimu wowote.

Na hiyo "an" mbele yake: "h" ya "historic" inatamkwa, kwa hiyo "a" inatosha. Utaikuta "an historic" kwa Waingereza wa kizamani. Si dhambi, ila haina faida.

"Wa kiuchumi" ni mtego uleule. "Economic" ni kinachohusu uchumi: sera, mgogoro, kuwezeshwa. "Economical" ni kisichofuja: gari linalokula mafuta kidogo, jiko lisilomaliza mkaa. Ndiyo maana "economical empowerment of women" inasomeka kama kuwawezesha wanawake kwa bei ya chee, na mfadhili mwenye roho ya utani atacheka. Iwe "economic empowerment". Kuna matumizi ya tatu yanayowapiga chenga hata wazoefu: Mwingereza akisema "the route is not economic" anamaanisha njia hiyo hailipi, mapato hayafiki gharama. Hapo "economical" ingebadilisha maana.

Sasa onyo. Usichukue hili ukalifanya kanuni ya kila "-ic" na "-ical". Kwenye "geographic" na "geographical" hakuna tofauti ya maana, chagua moja uendelee nayo. "Electric" huenda na kifaa mahususi au umeme wenyewe: "electric kettle", "electric shock". "Electrical" huenda na fani au kundi zima: "electrical engineer", "electrical fault". "Classic" ni kielelezo cha aina yake. "Classical" ni ya zama au mtindo fulani unaotambulika, kama muziki wa Mozart. Kila jozi ina mkataba wake.

Kitu kimoja tu hakibadiliki: kielezi. Ziwe za "-ic" au "-ical", kielezi huishia "-ically": "economically", "historically", "basically". Neno la kawaida linalokaidi ni "publicly". Ukiona "basicly" au "publically" kwenye rasimu, kata.

---

Kauli_Kumi:

Mwalimu kasema vema kuhusu mahali Kiswahili kinapotuangusha. Niongeze upande wa pili, ambao watu hawauoni: kuna mahali Kiswahili kimeshakugawia tayari, kazi yako ni kusikiliza kauli ya kitenzi.

"Ensure" na "assure". Kiswahili kina "hakikisha" na "hakikishia". Unahakikisha jambo, unamhakikishia mtu. Kiingereza kinafanya hivyohivyo: "ensure" hufuatwa na jambo, "assure" hufuatwa na mtu. Rudi kwenye rasimu ya Kiswahili, naamini iliandikwa "tuliwahakikishia wakulima". Ukiona ile "-ia" na mtu ndani ya kitenzi, ni "we assured the farmers that seeds would arrive on time". Kama ingekuwa "tulihakikisha mbegu zinafika", hiyo ni "we ensured that seeds arrived", na zingatia tofauti ya uwajibikaji: ya kwanza mmeahidi tu, ya pili mmesema mbegu zimefika. Mkaguzi atauliza hati za kupokelea. "Insure" ibaki kwenye bima, ingawa Wamarekani wengine huitumia pia kwa maana ya "ensure".

"Rise" na "raise": kupanda na kupandisha. Bei zilipanda, "prices rose". Wenye maduka walipandisha bei, "shopkeepers raised prices". Kauli ya kutendesha inadai shamirisho, na "raise" vilevile. Ukiandika "prices raised" bila kitu mbele yake, msomaji anasubiri: zilipandisha nini?

"Lie" na "lay": kulala na kulaza. Hapa maana ni rahisi, balaa liko kwenye wakati uliopita, kwa sababu "lie" ikienda jana inageuka "lay". Zipange hivi:

lie, lay, lain: lala, kaa mahali

lay, laid, laid: laza, weka

lie, lied, lied: sema uongo

Kwa hiyo "mabomba yalikaa uwanjani miezi 3" ni "the pipes lay in the yard for 3 months". "Mafundi walilaza mabomba" ni "the technicians laid the pipes". Kwenye ripoti za maji hili linajirudia mno, na "the pipes laid in the yard" ndiyo sura yake ya kawaida. Usiiachie.

"Affect" na "effect": athiri na athari. Kitenzi na nomino, basi. "The drought affected 14 wards", ukame uliathiri kata 14. "The effect of the drought on 14 wards", athari ya ukame. Kama unaweza kutanguliza "the" mbele yake, karibu kila mara ni "effect".

Ushauri nao ni vivyo hivyo: "advise" ni shauri, kitenzi, hutamkwa kwa "z", "advice" ni ushauri, nomino, hutamkwa kwa "s". Na "an advice" haipo kwa sababu nomino hiyo haihesabiki. Andika "gave advice", au ukitaka kuhesabu, "a piece of advice". Wenzake wa kuangalia: "equipment", "furniture", "information", "luggage". "Equipments" imejaa kwenye orodha za manunuzi kuliko ninavyoweza kueleza.

---

Kalamu_Nyekundu:

Hii ya hakikisha na hakikishia imenifungua macho, nimeshairekebisha. Maswali mawili ya nyongeza. Nimeona hati ya serikali imeandika "to effect changes", na mwandishi si mtu wa kubahatisha. Pili, ile "c" na "s" ya "advice" inafanya kazi pia kwenye "licence" na "practice"?

---

Kauli_Kumi:

"To effect changes" ni sahihi. "Effect" kama kitenzi ni kuleta kitu hadi kitokee, kukitekeleza. Na maana inageuka kabisa: "to effect changes" ni kuleta mabadiliko, "to affect changes" ni kuyaathiri mabadiliko ambayo mwingine ameshayaanzisha. Ndiyo maana "the drought effected 14 wards" inachekesha, kana kwamba ukame ndio ulioziunda hizo kata. Kuna pia "affect" nomino, ya wataalamu wa saikolojia, maana yake namna mtu anavyoonyesha hisia usoni na mwilini. Kwenye ripoti ya kilimo haitakukuta.

"Licence" na "practice": inafanya kazi kwa Kiingereza cha Uingereza, ambacho ndicho kinachofuatwa Tanzania, Kenya na Uganda. Nomino kwa "c", kitenzi kwa "s". "Driving licence", lakini "to license a driver". "Best practice", lakini "to practise". Tofauti na "advice" ni kwamba hizi mbili matamshi hayabadiliki, kwa hiyo sikio halikusaidii; weka "advice" na "advise" mahali pake usikie. Marekani wameondoa mgawanyo huo: "license" kwa zote, "practice" kwa zote. Lakini "licensed" ni kwa "s" pande zote mbili za bahari, kwa sababu imetokana na kitenzi. Kabla hujaanza kuhariri, uliza mfadhili anataka Kiingereza kipi.

---

Wakili_Msomaji:

Nikujibu la "disinterested".

Nomino "interest" ina maana tatu zinazohusika hapa: hamu ya kujua jambo, maslahi, na riba. "Uninterested" imetoka kwenye hamu: mtu hajali, anapiga miayo. "Disinterested" imetoka kwenye maslahi: mtu hana anachopata wala kupoteza, kwa hiyo anaweza kuamua kwa haki. Mjumbe wa kamati ya zabuni anatakiwa awe "disinterested". Akiwa "uninterested", mwondoeni.

Kamusi zinapishana kwa sababu ya historia. Maana ya "asiyejali" ilikuwapo kwenye "disinterested" tangu karne ya 17, na wazungumzaji wengi bado wanaitumia. Kwa hiyo mwenye kusema ni kosa tupu amezidisha. Ila kwenye maandishi ya kazi, msomaji makini atakwama, na hatari ni ya upande mmoja tu: "uninterested" haikosewi na mtu, "disinterested" inakosewa. Andika "uninterested youth". Au afadhali eleza vijana hao walifanya nini: hawakuhudhuria? Walijiandikisha wakaacha?

Jozi nyingine mbili za hati za kisheria na fedha, maana humu ndimo kosa linapogeuka gharama.

"Principal" ni kivumishi, mkuu, na ni nomino, mkuu wa chuo. "Principle" ni nomino tu, kanuni au msimamo. Kwenye mikataba ya mikopo, "principal" ni kiasi ulichokopa kabla ya riba: ukikopa shilingi 1,000,000 ukarudisha 1,180,000, "principal" ni ile 1,000,000 na "interest" ni 180,000. "Loan principle" haina maana yoyote, lakini utaikuta kwenye fomu zilizopigwa chapa rasmi. Na vyeo: Kenya, chini ya Katiba ya 2010, mtendaji wa wizara ni "Principal Secretary", Tanzania, Katibu Mkuu ni "Permanent Secretary". Mtafsiri asibadilishane.

"Council" ni baraza, kama Baraza la Mitihani la Tanzania, "National Examinations Council of Tanzania". "Counsel" ni ushauri, na pia wakili aliyesimama mahakamani. Kwa maana ya wakili haichukui "s" ya wingi: "counsel for the petitioners were present". Kutoka hapo unapata "councillor", diwani, na "counsellor", mshauri nasaha. Ripoti ya afya iliyosema "each patient was referred to a councillor" imewapeleka wagonjwa kwa diwani.

---

Bodi_ya_Chaki:

Naongeza fupi. "Stationery" na "stationary". Tembea mtaa wowote wenye shule, nusu ya mabango ya steshenari yameandikwa kwa "a", yaani duka lisilosogea. Vifaa vya kuandikia ni kwa "e", kama "e" ya "paper" na "letter". Kinachochekesha ni kwamba asili ni moja: kwenye Kilatini cha zama za kati "stationarius" alikuwa mfanyabiashara mwenye kibanda cha kudumu, tofauti na mchuuzi wa kuzunguka, na waliokaa karibu na vyuo waliuza vitabu.

Na moja ya usalama, hii msiifanyie mzaha. "Flammable" na "inflammable" maana yake ni moja: kinashika moto. Mtu aliyezoea "incorrect" na "invisible" anaona "in-" anadhani ni kukanusha. Hapa "in-" imetokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", kuwasha moto, na haikanushi kitu. Wataalamu wa kuzuia moto wa Marekani walianza kuhimiza "flammable" miaka ya 1920 kwa sababu hiyohiyo. Kwenye lebo, mwongozo wa ghala au tanki la petroli andika "flammable" pekee, na kinyume chake ni "non-flammable". Petroli iko daraja la 3 la bidhaa hatari, "flammable liquids". "Invaluable" nayo ni mtego wa namna hiyo: ni kitu cha thamani isiyopimika. Anayemsifu mfadhili kwa "your valueless support" alitaka hiyo.

---

Sauti_na_Herufi:

Wote mmezungumzia maana. Kuna chanzo kingine ambacho hakihusiani na maana hata kidogo, nacho ni sikio. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza, kwa hesabu ya kawaida ya vitabu vya fonetiki, kina irabu 12 na irabu-unganifu 8. Zinapoingia kwetu zinabanana, na maneno mawili yanakuwa moja mdomoni. Mtu akishayasikia ni mamoja, mkono unaandika lolote.

Mfano wa kila siku: "fill free to contact me". Mwandishi anajua vizuri maana ya "feel" na anajua maana ya "fill", ila kwake zote ni "fil". Upande wa pili utaona "feel the form below". "Live" na "leave" ndiyo mbaya zaidi: "he is leaving in Dodoma", anaishi au anaondoka? "This" na "these": "this people", "these form". "Work" na "walk". "Price" ni bei, "prize" ni zawadi. "Lose" ni kupoteza, hutamkwa kwa "z". "Loose" ni kilicholegea, kwa "s", na ndiyo maana "we may loose funding" imeenea. Kwa wasemaji ambao lugha zao za nyumbani hazitenganishi "l" na "r", ongeza "collect" na "correct": "please correct your cheque" imeshaeleweka kuwa cheki ina kosa.

Kwa makosa haya kanuni za sarufi hazisaidii, kwa sababu mwandishi hajakosea sarufi kichwani mwake. Dawa ni orodha na utafutaji. Kwenye Word ya Windows kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kwa maneno ambayo ripoti zako hazihitaji kamwe. Unayaweka kwenye faili la maneno yaliyokataliwa ili yapigiwe mstari mwekundu ingawa tahajia ni sahihi. Funga Word, bonyeza Windows na R, andika %AppData%\Microsoft\UProof, bonyeza Enter. Tafuta faili ExcludeDictionaryEN0809.lex kwa Kiingereza cha Uingereza, au EN0409 kwa cha Marekani. Lifungue kwa Notepad, andika neno moja kila mstari kwa herufi ndogo, hifadhi, washa Word upya. Mimi ningeanza na "economical", "pubic", "stationary", "valueless". Hiyo ya pili ni "public" iliyodondosha "l", na hutaki iende kwa mfadhili ikiwa kwenye kichwa "Public Health". Faili linafuata lugha ya matini: aya iliyowekewa Kiingereza cha Marekani haitaliona la Uingereza, na hapo ndipo watu wanadhani halifanyi kazi. Chagua matini yote, weka lugha moja, ndipo ukague.

Ya pili ni kwa jozi ambazo maneno yote mawili unayahitaji, kama "live" na "leave". Hizo huwezi kuzikataza, lazima uzipitie kwa jicho. Fungua dirisha la Advanced Find, weka tiki kwenye Use wildcards, kisha andika <[Aa]dvi[cs]e>. Itakuletea "advice" na "advise" zote, moja baada ya nyingine. Kwa "affect" na "effect" andika <[AaEe]ffect*>, hiyo nyota inanasa na "affected" na "effects". Kwa "lose" na "loose" zitafute mojamoja, ni haraka kuliko kubuni alama. Zile < na > ni mwanzo na mwisho wa neno. Ukizisahau kwenye "advice" utaletewa na "adviser". Na kwa kuwa litaulizwa: "adviser" na "advisor" zote zinakubalika, chagua moja na usiibadilishe katikati ya ripoti.